Nimeunga monita mbili kwenye kompyuta moja, zote zinaonesha kitu kile kile. Nisaidieni

#1 BintiKiponda, Jumamosi saa 3:40 usiku

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Mie humu ni msomaji wa pembeni, leo nimekwama nikaona bora nipige hodi.

Naweka hesabu na kupokea wageni kwenye nyumba ndogo ya wageni huku Mji Mkongwe, vyumba tisa. Kazi yote iko kwenye kompyuta moja: kalenda ya vyumba, daftari la hesabu, na barua pepe za mawakala zinazoingia kila dakika. Monita ni moja ya nchi 19, kwa hiyo kutwa nafunua dirisha hili nafunika lile. Wiki iliyopita nilisoma chumba namba 6 kwenye kalenda, nikarudi kwenye barua pepe kumjibu wakala, mkono ukaandika namba 5. Namba 5 ina watu. Saa kumi na moja jioni, na joto hili la kaskazi, wamesimama mbele yangu mume na mke wametoka bandarini na mabegi manne, juu wenye chumba chao wamelala. Fedheha niliyoipata siku ile siisemi. Bosi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi nikajipinda nikanunua monita ya pili ya mtumba, nchi 22, nikiwaza kalenda ikae huku na daftari likae kule, yaishe. Kijana aliyeniuzia akanipa na waya wenye kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa nimekitia nyuma ya kompyuta, mikia kila mmoja na monita yake. Zote zimewaka, alhamdulillahi. Lakini zinaonesha kitu kimoja! Nikisogeza mausi huku na kule inasogea. Tena picha imepauka, kama nguo iliyofuliwa mara mia.

Nimerudi dukani, kijana ananiambia "dada, hiyo kompyuta yako haiwezi, nunua nyingine". Kweli?

#2 Chukwani_Boy, Jumamosi saa 3:44 usiku

Bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend, ile ya kupanua skrini. Uzi ufungwe.

#3 BintiKiponda, Jumamosi saa 3:58 usiku

Nimebonyeza, kaka. Nimechagua hiyo hiyo. Hakuna kilichobadilika.

#4 Mzee_wa_Baraza, Jumamosi saa 4:15 usiku

Usinunue kompyuta, mwanangu. Kitu hiki si kigeni hata kidogo, Windows 98 ilikuwa inaweza. Nakumbuka ofisini kwetu alikuwepo bwana mmoja na monita mbili zile za tumbo kubwa, meza imepinda kwa uzito, tukimwita rubani. Kompyuta ya leo isiyoweza kuendesha monita mbili ni ya kutafuta kwa tochi. Subiri mafundi waje, mie mambo ya nyaya yashanipita.

#5 FundiWete, Jumamosi saa 4:31 usiku

Waalaykum salaam, dada. Hapa Chukwani kajibu swali ambalo hujauliza.

Huo waya ndio ugonjwa. Chukua mfereji mmoja, utie mipira miwili ya maji. Mipira yote itatoa maji yale yale, na presha itapungua kila upande. Huwezi kuomba huu utoe maji na ule utoe chai. Waya wa mikia miwili ndiyo kazi yake: picha moja inayotoka kwenye kompyuta inagawiwa kwa monita mbili. Kupauka nako kunatoka hapo hapo, nguvu iliyokuwa ya monita moja sasa wanaigombea wawili.

Kompyuta yenyewe haijui kama una monita mbili. Unataka ushahidi? Bonyeza kulia popote pale patupu kwenye skrini, ingia Display settings, bonyeza Identify. Itatokea namba kubwa. Ukiona 1 kwenye monita zote mbili, basi kwa kompyuta hiyo ni monita moja, na ubonyeze Windows na P mpaka alfajiri hakitobadilika kitu.

Ukimaliza zima kompyuta, igeuze uitazame mgongo, uniambie matundu yanayoonekana. Yote. Hata usiyoyajua.

#6 BintiKiponda, Jumapili saa 2:05 asubuhi

Fundi! Ni 1 na 1. Nimecheka peke yangu.

Mgongo wake nimeugeuza, vumbi lililotoka ungedhani nafagia ghala ya karafuu. Naona hivi: tundu la buluu lenye vijitundu vingi, ndilo nililotia huo waya. USB nyingi. La mtandao. Matatu ya duara ya rangirangi ya spika. Halafu kuna mawili ya mstatili, yamekatwa kona moja tu, nilidhani ni USB za aina nyingine. Hayajaguswa toka kompyuta izaliwe nafikiri, moja bado lina kifuniko cha plastiki.

Kompyuta imeandikwa Dell OptiPlex 7010.

#7 FundiWete, Jumapili saa 2:40 asubuhi

Dada yangu, umekalia mali. Hayo mawili yaliyokatwa kona moja ni DisplayPort. Ni matundu ya picha, kila moja linatoa picha yake mbali. Ile 7010 ya zamani, ya mwaka 2012, ina DisplayPort mbili na hiyo VGA ya buluu, na prosesa zake za Intel za kizazi cha tatu zinaweza kuendesha monita tatu kwa mpigo. Kizazi cha pili kiliishia mbili. Kwa hiyo huyo kijana wa dukani alikuwa na dawa ya maradhi yako mbele ya macho yake, akakupa panadoli.

Sasa geuza na monita. Ya zamani ina nini nyuma, na mpya ina nini?

#8 BintiKiponda, Jumapili saa 2:52 asubuhi

Ya zamani ina buluu tu. Mpya ina buluu na HDMI.

#9 FundiWete, Jumapili saa 3:10 asubuhi

Safi. Ya zamani iache kwenye buluu yake, kwa waya wake wa mwanzo, si huo wa mikia. Mpya utaitia kwenye DisplayPort kwa adapta ya kwenda HDMI, au waya ambao upande mmoja ni DisplayPort na upande wa pili HDMI.

Fungua masikio hapa, ndipo watu wanapoliwa pesa. Nyaya za namna hii nyingi zinakwenda upande mmoja tu. DisplayPort iwe kwenye kompyuta, HDMI iwe kwenye monita. Aliye na kompyuta ya HDMI na monita ya DisplayPort, waya huo huo akiugeuza haumfai, anataka kifaa kingine chenye akili yake ndani na mara nyingi na umeme wake. Muuzaji atakwambia "hizi zote sawa". Hazi sawa. Mwambie kwa maneno haya haya: *inatoka DisplayPort, inakwenda HDMI*.

La pili: vichwa vingi vya DisplayPort vina kidude cha kubonyeza juu, ndani kuna meno mawili madogo yanang'ata. Ukitaka kuchomoa bonyeza kwanza. Nshaletewa kompyuta mbili hapa Wete tundu limeng'oka na bodi, mtu kavuta kama anang'oa muhogo.

#10 Chukwani_Boy, Jumapili saa 4:00 asubuhi

Mkuu, kwa nini asitie graphics card tu, ile kadi ya picha ya kuchomeka ndani? Unapata HDMI moja kwa moja, na akitaka gemu anacheza.

#11 FundiWete, Jumapili saa 4:22 asubuhi

Kwa kalenda ya vyumba tisa? Kadi ya nini, yakhe. Tena zile 7010 za boksi jembamba zinataka kadi fupi yenye bati fupi, akinunua ya kawaida mfuniko haufungi. Na ukitia kadi, kompyuta nyingi zinazima matundu ya bodini mpaka uingie BIOS, ile mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka, uyaruhusu. Atabaki na monita moja nyeusi, atarudi hapa na uzi mpya, na atakayeujibu ni mie.

#12 Chukwani_Boy, Jumapili saa 4:25 asubuhi

Hilo la kuzima lishanikuta 😂 nlidhani bodi imekufa, nikalala na njaa ya roho. Nimekaa.

#13 MwalimuMkoani, Jumapili saa 5:30 asubuhi

Samahani naingilia. Dada BintiKiponda, huo waya wa mikia miwili utaufanya nini? Mie nasomesha skuli huku Mkoani, Pemba. Chumba chetu cha kompyuta ni kirefu, mashine ya mwalimu ni ya zamani ina VGA peke yake, na watoto wa nyuma hawaoni ninachofanya mbele. Wanainuka, wa nyuma yao wanapiga kelele, somo linakwisha. Nataka monita moja mbele na moja katikati ya darasa, zote zioneshe KITU KIMOJA. Yaani ugonjwa wako ndiyo dawa yangu.

#14 BintiKiponda, Jumapili saa 5:41 asubuhi

Mwalimu, wa kwako huo. Ngoja kwanza nijue kama nimepona.

#15 FundiWete, Jumapili saa 6:02 mchana

Mwalimu, utafaa, lakini tahadhari. Huo wa dada ni waya mtupu, hauna umeme, na wewe mkia wa pili utauongezea mita kadhaa ufike katikati ya chumba. VGA inapeleka picha kwa mawimbi, si kwa tarakimu kama HDMI, waya ukirefuka herufi zinaota kivuli. Ukiona kivuli, punguza rezolusheni, yaani idadi ya vitone vya picha, iweke 1024 kwa 768, watoto wataona vizuri zaidi kuliko herufi ndogo zenye mzuka. Siku skuli ikipata fedha mnunue splita ya boksi yenye adapta ya umeme, hiyo inatia nguvu upya kabla ya kugawa.

#16 PwaniMchangani, Jumapili saa 2:15 usiku

Wadau, na mie nina langu la jirani na hili. Nafanya kazi za kuhariri picha za harusi, natumia MacBook Air ya M1, ile chipu ya Apple wenyewe. Nimenunua hab ya USB-C, kile kiboksi cha kuongeza matundu, yenye HDMI mbili, bei kubwa tu. Nikitia monita mbili zinafanya kama za BintiKiponda, zote sawasawa. Hapa hakuna waya wa mikia. Imekuwaje?

#17 FundiWete, Jumapili saa 3:05 usiku

Hapo kaka tatizo si hab. Air ya M1, ile ya 2020, kiwandani imepewa uwezo wa monita moja ya nje, basi. Ya M2 hivyo hivyo. Ya M3 inakubali mbili lakini ufunge mfuniko wa laptopu. Na hab za namna yako zinategemea ule mtindo wa kupitisha picha mbili kwenye njia moja ya DisplayPort, ambao Windows inauelewa, macOS haiutumii kupanua skrini. Ndiyo maana hab ile ile kwa jirani mwenye Windows inafanya kazi vizuri, kwako inakuwa mfereji na mipira miwili.

Njia ipo: adapta yenye chipu ya DisplayLink. Hii haipiti kwenye tundu la picha, inapitisha picha kama data za USB, kisha chipu inazigeuza. Unashusha programu yao, na Mac itakuomba ruhusa ya kurekodi skrini. Usishtuke, bila ya ruhusa hiyo haiwezi kupeleka picha. Ubaya wake ni kwamba prosesa inabeba mzigo, na filamu za kulipia nyingi zitaonesha nyeusi ukiwa unaitumia kwa sababu ya kinga zao. Kwa picha za harusi itakutosha, lakini rangi zirekebishe kwenye ile monita iliyounganishwa moja kwa moja.

#18 PwaniMchangani, Jumapili saa 3:12 usiku

Duh. Yaani nilipokuwa nanunua hab nilimuuliza muuzaji "inatoa monita mbili?" akasema ndiyo. Na kweli zinatoka mbili.

#19 MkeWaBaharia, Jumapili saa 3:40 usiku

Na laptopu za kawaida za USB-C je? Yangu nimetia waya wa USB-C kwenda HDMI, kimya.

#20 FundiWete, Jumapili saa 3:55 usiku

Si kila USB-C inapitisha picha, dada. Nyengine ni za kuchaji na data tu. Tazama pembeni ya tundu: ukiona alama ya radi, au alama ya herufi D iliyobeba P, inapitisha. Ukiona alama ya USB peke yake, au hakuna kitu, tafuta jina kamili la laptopu usome maelezo yake. Hakuna waya utakaoisaidia kama tundu lenyewe ni bubu, ila ile DisplayLink niliyomwambia bwana wa harusi.

#21 Mzee_wa_Baraza, Jumatatu saa 12:50 asubuhi

Mie natumia TV. Nchi 32, HDMI kutoka laptopu. Maandishi makubwa, macho yangu yanafurahi. Kijukuu ananiambia hiyo si monita. Nani mwenye haki?

#22 Chukwani_Boy, Jumatatu saa 1:30 asubuhi

Ami, kama unaona, ni monita. Ila TV nyingi za nchi 32 ni 1366 kwa 768, yaani zina vitone vichache kuliko monita ndogo ya nchi 22 yenye 1920 kwa 1080. Ndiyo maana maandishi makubwa, lakini ukikaa karibu yana ukungu. Na kama kingo za picha zimekatwa huoni saa chini kulia, ingia menyu ya TV upande wa picha, kuna pahala pa ukubwa, chagua ile inayosema Just Scan au Screen Fit, kila kampuni na jina lake. Mpira kwenye TV, kazi kwenye laptopu, raha mustarehe.

(Fundi usinisahihishe, hili najua.)

#23 FundiWete, Jumatatu saa 1:34 asubuhi

Umepatia.

#24 BintiKiponda, Jumatatu saa 3:20 usiku

MREJESHO.

Leo mchana nimepanda mpaka Darajani. Duka la kwanza hawaijui. La pili wakanipa ya HDMI kwenda VGA, nikaikataa (nimekuwa mwerevu). La tatu kulikuwa na mama mmoja, nikamwambia yale maneno ya Fundi kama nilivyofundishwa, *inatoka DisplayPort inakwenda HDMI*, akanitazama, akafungua droo akanitolea. Shilingi 15,000 na hakupunguza.

Nimerudi, nimechomoa waya wa mikia, nimetia kama ulivyosema. Monita mpya ikaandika No Signal, roho ikaruka. Kumbe yenyewe ilikuwa bado inasubiri kwenye VGA, nikabonyeza kitufe chake cha chini nikachagua HDMI. Ikawaka! Nyeupee, kali, mpaka nikaona aibu kwa ile ya zamani. Windows na P, Extend, na safari hii ikatii. Identify: huku 1, kule 2. Nimepiga picha nikamtumia bosi.

Lakini nina mashaka matatu.

Mausi. Monita mpya nimeiweka kushoto. Nikitaka kwenda kushoto mausi inagonga ukuta. Nikienda KULIA ndiyo inatokea kushoto. Kichwa kinaniuma. Na hata ikivuka, pembe za juu na za chini inakwama, kama mtu anatafuta mlango gizani.

Sauti imekufa. Spika zangu ndogo zilizokuwa zinalia asubuhi, sasa kimya kabisa.

Na dirisha la kalenda likiwa kwenye monita mpya maandishi madogo, nikilivutia kwenye ya zamani yanakuwa makubwa.

#25 FundiWete, Jumatatu saa 3:48 usiku

Hongera sana! Haya yote ni mambo ya ndani ya Windows, hununui kitu.

Mausi: rudi Display settings. Utaona miraba miwili imechorwa, 1 na 2. Hiyo ndiyo ramani ambayo kompyuta inaiamini. Yenyewe inadhani monita mpya iko kulia, haina macho. Shika mraba 2 kwa mausi, uvute uuweke kushoto ya 1, bonyeza Apply. Kugonga ukuta kwenye pembe ni kwa sababu monita zako hazilingani vitone, ya nchi 22 ni ndefu kuliko ya nchi 19 kwenye ramani, na pale ilipozidi hakuna mlango. Mraba mdogo uinue au ushushe mpaka ufanane na zilivyokaa mezani. Ukuta hautokwisha wote, lakini utakuwa pale ambapo hata mezani hakuna kioo.

Sauti: HDMI inabeba sauti pamoja na picha. Kompyuta imeona monita mpya ikasema, haa, spika mpya, ikahamishia sauti kule, na monita yako haina spika. Bonyeza alama ya spika chini kulia, kwenye jina la kifaa chagua zile spika zako za zamani. Hili linawatoa jasho watu kuliko yote, mtu anafungua spika kwa bisibisi na kosa liko kwenye menyu.

Maandishi: kila monita ina kiwango chake pale panapoandikwa Scale. Bonyeza mraba wa monita mpya, jaribu 125. Na hapo hapo chini kuna Make this my main display, tia alama kwenye ile unayoitazama zaidi.

Ukitaka kurusha dirisha kutoka monita moja kwenda nyengine bila ya kulivuta, shika Windows na Shift halafu mshale wa kushoto au kulia.

#26 MkeWaBaharia, Jumatatu saa 4:10 usiku

Somo, na shingo uiangalie. Mie ofisini niliiweka ya pili pembeni kabisa, kutwa nageuka kushoto, wiki ya pili nikawa nageuka mwili mzima kama jini. Unayoitumia sana iwe mbele ya pua, ya pili iigusie ubavu na uikunje kidogo ikutazame. Kama unazitumia sawa kwa sawa, kiungo cha monita mbili kiwe mbele yako. Ukingo wa juu ulingane na macho. Ya nchi 19 ikiwa fupi itilie rimu mbili za karatasi chini, mie ndivyo nilivyofanya, na karatasi zikihitajika unajua zilipo.

#27 Mzee_wa_Baraza, Jumanne saa 12:40 asubuhi

Na umeme? Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, toka hapo mie sinunui kitu cha umeme bila ya kuuliza kinakula kiasi gani. Huyu binti ameongeza monita, UPS yake, lile boksi la betri, itahimili?

#28 FundiWete, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Swali la mtu mzima. Monita za LED za nchi 22 zinakula wati 20 mpaka 30 hivi, si kitu. Zile za mwanzo zenye taa za mrija ndani zinakula zaidi, na monita yake ya zamani inaweza kuwa ya namna hiyo. Ikiwa UPS ni ile ndogo ya 650 VA, kompyuta na monita zote mbili zitakaa, lakini dakika zitapungua. Ushauri wangu: kwenye matundu ya betri tia kompyuta na monita moja ile kuu. Ya pili itie ukutani. Umeme ukienda, moja inazima, moja inabaki ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Printa ya leza usiitie kwenye UPS kabisa.

Na jambo la huku kwetu pwani ambalo halimo kwenye vitabu vya wenye baridi: chumvi. Mji Mkongwe dirisha likiwa wazi upepo unaingia na bahari yake. Vichwa vya VGA vinaota kutu ya kijani, na dalili ya kwanza ni picha kugeuka manjano au waridi, mtu anadhani monita imekufa. Kila baada ya miezi michache zima, chomoa, pangusa vichwa kwa spiriti na mswaki wa zamani, acha vikauke, rudisha. Na matundu yasiyotumika usitoe kile kifuniko cha plastiki.

#29 BintiKiponda, Jumanne saa 10:30 jioni

Nimeshakitupa kile kifuniko 😩

Mengine yote yamekubali. Mausi inapita kama inateleza kwenye mafuta. Sauti ilikuwa kama ulivyosema, imekaa kwenye monita isiyo na mdomo. Kalenda iko kushoto kwenye ile kubwa, vyumba tisa na mwezi mzima vinaonekana bila ya kusogeza. Daftari na barua pepe ziko kulia. Leo amepiga wakala anataka vyumba viwili, nimemsomea moja kwa moja nikiwa naandika upande wa pili, sijafunika dirisha hata mara moja. Namba 5 nimeitazama mara tatu, lakini hiyo ni khofu tu, itaondoka.

Bosi kapita, kasimama nyuma yangu, kasema "hivi na mie naweza kuwekewa?" Nimemwambia yake ni laptopu, atazame alama pembeni ya tundu.

Fundi, Mungu akuzidishie. Mwalimu, waya wako nimeukunja nimeutia kwenye bahasha ya kaki, nimeandika MWALIMU, MKOANI kwa kalamu nyekundu. Nitumie jina la mtu wa kumkabidhi kwa ujumbe wa pembeni, usiliweke hapa. Unaondoka na boti ya kesho.

#30 Chukwani_Boy, Jumanne saa 10:44 jioni

Kuvuja kwa pakacha...

#31 MwalimuMkoani, Alkhamisi saa 9:15 alasiri

Umefika salama, dada, ahsante sana. Leo tumeufunga. Herufi ziliota kivuli kama alivyotabiri Fundi, tukashusha mpaka 1024 kwa 768, kivuli kikapungua, kikabaki kidogo kwenye ile ya katikati. Hakuna aliyejali. Nimesomesha dakika arobaini na hakuna mtoto aliyeinuka, mpaka nikageuka kutazama kama bado wamo.

#32 Kijana_wa_Fuoni, Alkhamisi saa 2:50 usiku

Wakuu, uzi mrefu sijausoma wote. Na mie nataka monita mbili. Kwa ufupi ninunue nini?

#33 FundiWete, Alkhamisi saa 3:02 usiku

Usinunue kitu bado. Nyuma ya kompyuta yako kuna matundu gani?